ASIYEPENDA KUPIKA NAYE HULA



Kazi za nyumbani ni nyingi, lakini iko moja isiyo na likizo. Nguo zaweza kungoja Jumamosi. Uwanja waweza kufagiliwa kesho. Hata paa lenye tundu laweza kungoja mpaka mawingu yatande. Tumbo halingoji. Mtu alaye chakula kilichopikwa mara mbili tu kwa siku hula milo 730 kwa mwaka, na kwa kila mlo yuko aliyewasha moto, akachambua, akaosha, akakoroga, akapakua, kisha akasugua sufuria. Si ajabu basi kwamba wako watu wengi wasioipenda kazi hiyo. Mimi ni mmoja wao, wala sioni haya kusema hivyo. Sipendi kukata vitunguu, sipendi moshi, wala sipendi kusimama dakika 40 nikitayarisha kitu kitakacholiwa kwa dakika 10.

Nitakalo kusema katika gazeti letu muhula huu ni hili: kutopenda kupika si kosa, lakini kuacha kupika kwa sababu hupendi ni kosa. Nitaeleza kwa nini naona hivyo, kisha nitataja njia ambazo mtu wa namna yangu aweza kuzifuata, apike kila siku bila kununa.

Mtu asemapo, "Mimi sipendi kupika," aghalabu maana yake ni kwamba mtu mwingine atapika, kwa kuwa moto haujiwashi wenyewe. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama, au dada. Je, yuko kati yetu aliyepata kumwuliza mama kama yeye anapenda? Twadhani anapenda kwa sababu twamwona akipika kila siku. Lakini kufanya jambo kila siku si dalili ya kulipenda. Mkulima huamka alfajiri kwenda shamba katika baridi ya Juni, wala hatusemi kwamba anapenda baridi. Pengine mama amechoka tangu miaka 20 iliyopita, ila hakupata nafasi ya kusema, maana siku ambayo angesema, watoto wangelala na njaa.

Tazameni tena habari ya dada zetu. Likizo ifikapo, mvulana na msichana wa kidato kimoja, wenye mtihani ule ule mbele yao, hurudi nyumbani. Mvulana huaga kwenda kusoma na wenzake; msichana huenda jikoni. Jioni mvulana amemaliza mazoezi yake ya hesabu, na msichana amemaliza kuosha vyombo. Mtihani wa Taifa hauulizi ni nani aliyepika. Maswali ni yale yale, na saa ni zile zile. Kama kazi ingegawanywa, kila mmoja angepoteza muda kidogo, wala hapana ambaye angepoteza mwingi.

Wako wasemao kwamba jikoni si mahali pa mwanamume. Kwa heshima zote kwa wazee wangu, naomba kuuliza. Huko pwani, penye arusi, masufuria makubwa ya pilau mara nyingi husimamiwa na wanaume, wala hapana awachekaye. Melini na katika hoteli kubwa wapishi wengi ni wanaume. Kando ya barabara zetu za mjini, akaangaye chipsi na achomaye mishkaki kwa kawaida ni kijana wa kiume. Basi haya iko wapi? Yaonekana kwamba kupika kwa ujira ni kazi ya heshima, na kupika bila ujira ni kazi ya wanawake. Mimi sioni kwamba hiyo ni mila. Naona ni hesabu tu, na tena hesabu isiyo ya haki.

Wengine husema, "Mimi nitanunua kwa mama lishe." Mama lishe ni watu wa kuheshimiwa, kwani bila wao wafanyakazi wengi wangeshinda na njaa. Lakini anunuaye kila mlo hulipa bei ya chakula, na ya mkaa, na ya kazi ya mpishi, na faida juu yake. Malipo hayo ni halali yao. Swali ni kama sisi tutayaweza. Wengi wetu tutakaotoka hapa kwenda vyuoni, au kuanza kazi kwa mshahara mdogo, tutakaa katika chumba cha kupanga. Fedha za mwezi zikiisha tarehe 15, mtu huanza kushinda kwa chai na mandazi. Hapo ndipo asiyejua kupika atambuapo kwamba kilo moja ya maharage makavu humtosha mtu mmoja milo kama 10.

Sisi tukaao bwenini tuko katika hatari zaidi. Kwa miaka minne, na wengine sita, twasikia kengele, twachukua sahani, twapanga mstari, twapewa ugali na maharage. Twala, twanung'unika kidogo, twaondoka. Mtu aweza kutoka hapa na alama nzuri sana katika Kemia, asijue chumvi kiasi gani yatosha sufuria ya mchicha. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba na karakana, ili mwanafunzi asitengwe na kazi za watu wake. Ikiwa jembe ni elimu, sioni kwa nini mwiko usiwe elimu.

Basi, mtu asiyependa kupika afanyeje?

Kwanza, asingoje hamu. Wako ambao hamu huwajia, na wako ambao haiwajii kamwe. Hatungoji hamu ndipo tupige mswaki. Afadhali kupika kuwe na saa yake, kama vile kipindi cha kwanza kilivyo na saa yake. Kazi yenye saa yake haina mabishano, na mabishano ya mtu na nafsi yake ndiyo yachoshayo kuliko kazi yenyewe.

Pili, aamue mapema. Swali la "Leo tule nini?" huja jioni, wakati mtu amechoka na ana njaa, yaani wakati ambapo akili yake haifai kwa kuamua. Dawa yake ni kuandika ratiba ya juma na kuibandika ukutani: Jumatatu maharage, Jumanne dagaa, Jumatano ndizi, na kuendelea. Ajuaye kupika vyakula sita tu vizuri amekwisha maliza juma. Siku ya saba na ale kilichobaki. Hapana sheria isemayo kwamba mlo wa Jumatatu hii usifanane na wa Jumatatu iliyopita.

Tatu, apunguze kazi kwa maarifa. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, huiva upesi na kuokoa mkaa. Na hapa tuliosoma Fizikia tuna la kusema. Mbeya, yapata mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na ndiyo maana maharage huko hukawia kuiva kuliko Tanga au Dar es Salaam. Sufuria ya presha huuzuia mvuke usitoke, joto likapanda mpaka karibu nyuzi 120. Asiye na sufuria hiyo ayachemshe maharage yaliyolowekwa kwa moto mkali muda wa nusu saa, kisha aifunike sufuria, aiweke ndani ya kapu, na kuizungushia blanketi kuukuu pande zote. Joto lililomo litaendelea kupika bila mkaa, naye ataendelea na kitabu chake. Kabla ya kula ayachemshe tena mpaka yawe laini. Lakini asiifupishe ile nusu saa ya kwanza, kwa kuwa maharage mekundu yasiyoiva vema yana sumu iumizayo tumbo.

Nne, apike mara moja ale mara mbili. Mwenye friji aweza kupika maharage ya siku mbili. Asiye nayo apike asubuhi yale ya mchana na ya jioni, na jioni ayachemshe tena sawasawa. Mchana ayale kwa ugali, jioni kwa chapati, naye ataona kama ni vyakula viwili. Ila wali usilazwe mezani mpaka kesho. Wako vijidudu ambao mbegu zao hazifi wali upikwapo. Wali ukikaa katika joto la chumba huongezeka na kutoa sumu, na kuupasha moto hakuiondoi sumu hiyo. Wali na upikwe wa kutosha mlo mmoja.

Tano, kazi igawanywe. Achukiaye kukata vitunguu pengine hachukii kuosha vyombo, na achukiaye moshi pengine yu tayari kwenda sokoni. Mafiga huwa matatu, wala figa moja halijapata kubeba chungu. Zamu na iandikwe, na jina la kila mtu mwenye nguvu nyumbani liwemo.

Sita, asitafute sifa. Wengi huchukia kupika kwa sababu hudhani kwamba kila mlo sharti uwe kama wa sikukuu. Mlo wa kila siku wataka vitu vichache: kitu cha kutia nguvu, kitu cha kujenga mwili, mboga na tunda. Ugali wa dona, ambao mahindi yake hayakukobolewa, una vitamini za B kuliko ule wa sembe. Mchicha upikwe muda mfupi ili vitamini C isipotee, na utiwe mafuta kidogo, kwa sababu mwili hauwezi kuipata vema vitamini A ya mboga pasipo mafuta. Maharage yakikamuliwa ndimu, mwili hupata madini ya chuma kwa urahisi zaidi. Na chai inywewe baadaye, si pamoja na chakula, maana huyazuia madini hayo. Mlo wa namna hiyo hauna fahari yoyote, lakini wamtosha mtu aliye na kazi kesho.

Liko jambo moja zaidi, na kwangu ndilo kubwa. Mara nyingine mtu asichokipenda si kupika, bali ni lile jiko lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa magonjwa yatokanayo na hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa majiko na taa. Mwezi wa Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 watumie nishati hiyo. Shabaha ni njema. Lakini katika nyumba nyingi, mwenye kuamua fedha za nyumbani zitumikeje siye avutaye moshi. Redio mpya hununuliwa, televisheni hununuliwa, na jiko hubaki mafiga matatu na kuni mbichi. Mimi naamini kwamba kama kila baba na kila kaka angepika juma moja tu katika jiko la nyumba yake, majiko mengi yangebadilishwa kabla ya mwezi kwisha. Atakayepika ndiye atakayeona.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwenu wanafunzi wenzangu, hasa wavulana: likizo hii kila mmoja achague vyakula sita, na achukue zamu ya siku mbili katika juma. Asingoje kuombwa. Kwenu walimu wetu: tunaomba kila Jumamosi wanafunzi wachache wa kila bweni waende jikoni kwa zamu chini ya wapishi wetu, wajifunze kuchambua, kupima na kusonga, wala isiwe adhabu, kwa maana kazi ifanywayo kuwa adhabu huchukiwa maisha. Na kwenu wazazi: kijana wenu akishika mwiko, tafadhali msimcheke. Ugali wake wa kwanza utakuwa na madonge. Uleni hivyo hivyo, na kesho mpeni mwiko tena.

Sikuahidi kwamba mtu atakayefuata haya atapenda kupika. Mimi mwenyewe bado sipendi. Lakini nyumbani kwetu Jumanne na Ijumaa za likizo ni zamu yangu, na jioni za siku hizo dada yangu husoma.

Nangoja majibu ya wenzangu katika toleo lijalo, hasa ya wale watakaopinga baada ya kujaribu.

Mwanafunzi wa Kidato cha 5