Heshimuni Ukoo, Ulizeni Elimu

Ndugu zangu wa hapa Kwanza, wakati wa mavuno nilikuwa kwa mama mmoja jirani yangu alipoingia mgeni mwenye joho jeusi na kilemba, akajitaja kuwa ni sharifu wa pwani. Mama alimtandikia mkeka mpya, akambusu mkono, akamtolea bei ya gunia zima la mahindi ili mwanawe mwenye homa aandikiwe kombe. Aya za Kurani zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mtoto akanywa maji hayo. Zahanati haikutajwa. Siku ya tatu mtoto alipakiwa kwenye bodaboda hadi Kitale, hajitambui. Ilikuwa malaria. Alhamdulillahi, alipona. Mgeni alikuwa keshavuka kwenda Bungoma.

Hakuna aliyemuuliza amesoma kwa nani. Mimi pia sikumuuliza, na jambo hilo linanichoma hadi leo.

Sharifu ni mtu wa kizazi cha Mtume kwa Bibi Fatuma, kupitia Hassan au Hussein. Waliotoka Hadhramaut huitwa pia Sayyid, na wakubwa wao Habib. Lakini Seyyid Said bin Sultan wa Unguja hakuwa wa kizazi hicho. Kwa ukoo wake wa Busaidi, Seyyid ni jina la nyumba ya utawala. Neno ni moja, maana mbili. Ama usheikh kwetu haurithiwi. Wamazrui walitawala Mombasa hadi mwaka 1837, lakini Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, tunamwita Sheikh kwa kusomesha na kuandika kwake.

Simdharau sharifu wa kweli. Tazameni Habib Saleh, aliyehamia Lamu kutoka Ngazija. Nasaba yake ilimtosha kukaa na waungwana na kubusiwa mkono mpaka kufa kwake mwaka 1935. Lakini yeye aliwaendea watumwa na maskini wa mtaa wa Langoni, akawafundisha Kurani na dini ambayo wakubwa wa mji hawakutaka wafundishwe. Waungwana walimchukia kwa hilo. Msikiti wake wa Riyadha ungalipo, na kila mwaka watu husafiri kutoka mbali kwenda kusoma Maulidi pale.

Basi akija mgeni mwenye jina kubwa, mpeni kiti, mpeni chai na chakula. Kisha mwulizeni kwa adabu: umesoma wapi, na mwalimu wako nani? Na mtoto akishikwa na homa, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.