Nani Kavamiwa na Nyuki?

Katika habari zote za nyuki hakuna neno linalonikera kama hili la "kuvamia". Nyuki wamevamia mwembe. Nyuki wamevamia shule. Basi wanaume huitana, mmoja akaleta mafuta ya taa, mwingine akafunga matambara kwenye mti mrefu, na kwa dakika chache jamii ya maelfu imekuwa majivu. Kisha tunapongezana!

Nauliza: wamemvamia nani? Bumba lile linaloning'inia tawini halina nyumba. Halina sega, halina watoto, halina akiba ila asali ambayo kila nyuki aliijaza tumboni kabla ya safari. Nyuki hupigania nyumba na wana. Huyu njiani apiganie nini? Isitoshe, nyuki mfanyakazi akimchoma mtu, mwiba wake wenye vijino hubaki ngozini, naye hufa. (Sisemi uende ukawatupie mawe ili kunijaribu. Wala sisemi juu ya waliokwisha kujenga darini. Hao wana mali ya kulinda, na aitwe mtu anayejua kazi ya kurina.)

Tazama wametoka wapi. Jamii ikijaa mzingani, malkia wa zamani huondoka na sehemu kubwa ya wafanyakazi, akamwachia bintiye nyumba pamoja na asali iliyobaki. Nawajua wazee wasioweza kuachia hata kiti cha uenyekiti wa mtaa! Hapo tawini wanangoja taarifa. Wapelelezi, pengine mamia, hukagua mashimo ya miti na nyufa, na kila arudiye na habari njema hucheza juu ya migongo ya wenzake, mchezo unaoonyesha upande na umbali. Mjerumani Martin Lindauer ndiye aliyeligundua jambo hili mjini Munich mwaka 1949. Alishangaa kuona wachezaji hawana chavua, bali wamechafuka masizi na vumbi la matofali, kumbe walikuwa wanakagua nyumba. Shimo lililo bora huchezewa na wengi zaidi, na wapelelezi wakishakubaliana, bumba zima huruka. Shughuli hiyo huchukua saa chache, au siku chache.

Nyuki wetu wa Afrika ni wepisi zaidi wa kuhama: njaa, ukame, moto wa msituni, siafu, yote huwang'oa hata katika mzinga wenye masega. Watu husema ni utundu. Mimi naona ni akili ya nchi yenye mvua za kubahatisha.

Na mrina asali wa Tabora hanunui nyuki. Hutundika mtini mzinga mtupu wa gogo au wa gome, akangoja lije bumba la namna hiyo hiyo tunayoichoma sisi.

Gharama ya kuwaacha ni nini hasa? Ni kuwakataza watoto wasicheze chini ya mwembe hadi keshokutwa.