Hema Darasani: Barua kwa Walimu wa Awali wa Machame na Marangu

Walimu wangu,

Mimi huku Minnesota, Marekani, ni mwalimu msaidizi wa watoto wa miaka minne na mitano. Nawaandikia kwa ajili ya somo moja linalofundishwa huku kila majira ya joto yanapokaribia, somo la kambi. Naamini nyinyi wa chini ya Mlima Kilimanjaro mna haki nalo kuliko sisi.

Kona moja ya darasa huondolewa viti, likasimamishwa hema dogo. Mbele yake watoto hupanga mawe kwa duara, katikati wakachomeka karatasi nyekundu na za njano, na tochi ikawashwa chini yake uwe moto. Picha za vitu hutandazwa sakafuni, kila mtoto achague cha kutia begini na cha kuacha nyumbani, aseme na sababu. Samaki wa karatasi wenye namba, waliobanwa vibanio vya chuma, huvuliwa kwa sumaku iliyofungwa kwenye uzi, na hesabu inaingia humo humo mchezoni. Karatasi nyeusi hutobolewa kwa pini, taa zikazimwa, tochi ikamulikwa kwa nyuma, na nyota zikatapakaa ukutani. Hapo ndipo mtoto anayeogopa giza huanza kulizoea.

Yote hayo ni mazuri, ila la kwanza lililonifanya nishike kalamu ni somo la kupotea. Mwaka 1981 mvulana wa miaka tisa alipotea kwenye Mlima Palomar, California, akafariki kabla hajapatikana. Baada ya msiba huo yalianzishwa mafunzo ya watoto yaitwayo Hug-a-Tree, na maagizo yake mtoto wa awali anayaweza. Ukijua umepotea, simama hapo hapo. Kumbatia mti ulio karibu, zungumza nao ukitaka, usiuache. Puliza filimbi. Ukisikia unaitwa, itika. Hilo la kuitika tunalirudia mara nyingi, kwa sababu mtoto aliyepotea anaweza kujificha watafutaji wakipita jirani naye, akiogopa mtu asiyemjua au akiogopa kwamba ataadhibiwa.

Walimu wangu, hofu hiyo ya adhabu tunaijua sisi. Mtoto akipoteana na mama yake sokoni Kwa Sadala, au akichelewa migombani hadi giza likaingia, hukimbia ovyo, na kila hatua inamtenga zaidi na wanaomtafuta. Mfundisheni kusimama. Uwanjani huku tunaufanya mchezo: mmoja "anapotea", anakumbatia mti, wenzake wanamwita kwa jina, naye anaitika kwa sauti ya juu mpaka wamfikie. Halafu mwiteni mzazi, aahidi mbele ya mwalimu na mtoto kwamba hakuna atakayechapwa kwa kupotea. Bila ahadi hiyo mafunzo yote hayana nguvu.

La pili ni moto. Watoto wa huku hukua na dubu wa kuchorwa aitwaye Smokey, ambaye tangu 1944 anawahimiza watu wasiunguze misitu. Darasani huumwagia maji ya kuigiza ule moto wa karatasi, wakakoroga majivu, wakamwaga tena, kisha wakasogeza mgongo wa kiganja kuhakikisha joto limekwisha. Nyinyi hamhitaji dubu. Mnao moto wa Oktoba 2020, ulioanzia eneo la Whona, kati ya vibanda vya Mandara na Horombo, ukateketeza sehemu ya mlima kwa siku kadhaa. Kaka na dada za watoto wenu wanaukumbuka, waje wausimulie.

Mengine ya huku yaacheni. Kuna peremende laini zinazochomwa kwa kijiti na kubanwa na chokoleti ndani ya biskuti, mapishi yaliyochapishwa na chama cha wasichana cha Girl Scouts mwaka 1927. Ndizi za kuchoma zinatosha. Hema nalo si lazima linunuliwe: kamba kati ya miti miwili, khanga mbili au kipande cha turubai, vigingi vya matawi. Najua madarasa yenu yana watoto wengi kuliko langu, kwa hiyo kambi iwe nje, makundi yaingie kwa zamu.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuandika ni wazazi wa watoto wenu. Huku hema ni burudani. Familia huenda kulala Itasca, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1891, pale Mto Mississippi unapoanza ukiwa mdogo kiasi kwamba mtoto anauvuka kwa kukanyaga mawe. Kwenu hema ni ajira. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala wageni. Njia ya Machame ni mahema kila usiku, kwenye kambi za Shira, Barranco, Karanga, Barafu, na kila hema limepandishwa kwa kichwa au mgongo wa mpagazi, katika mzigo ambao kanuni inataka usizidi kilo 20. Mtoto anajua baba amekwenda Barafu, ila hajui anafanya nini huko. Hajawahi hata kukaa ndani ya hema. Baba akirudi amechoka, analala. Inaniuma kwamba mtoto wa huku anajifunza kusimamisha hema shuleni, na mtoto wa bingwa wa kazi hiyo hajifunzi.

Basi ninawaomba jambo moja. Mwalikeni mpagazi mmoja, baba au mama, aje darasani kama mwalimu. Awaonyeshe watoto hema linavyofungwa upepo usilichukue, mzigo unavyopangwa, taka zinavyokusanywa na kurudishwa chini, na kwa nini mlimani chakula hupikwa kwa gesi na si kwa kuni. Mwombeni wakati wa masika, Aprili au Mei, wageni wanapokuwa wachache na wapagazi wengi wako nyumbani. Ikifika Juni watakuwa wameshapanda.

Mwalimu mwenzenu,
Minnesota