Ulimwengu wa mchezo hujengwa kwa lugha

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii inawafaa vijana wetu wa Pwani ambao hawatosheki tena na kuicheza michezo ya video, bali wanataka kuitunga wenyewe.

Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", muziki wake ukiwa wa Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulitunukiwa tuzo ya Grammy. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini wimbo ni mlango tu.

Ulimwengu wa kubuni huaminika pale kila jina linapokuwa na sababu. J.R.R. Tolkien, msomi wa lugha wa Oxford, alibuni lugha kwanza, kisha akazitafutia watu wa kuzisema. Ndiyo maana majina katika ramani zake hayaonekani kuwa ya kuokoteza.

Sasa natuitazame Jomvu Kuu, mji wa kale kando ya hori la Tudor, ambao wenyeji wake ni miongoni mwa Thenashara Taifa wa Mombasa. Neno "kuu" peke yake ni kisa, kwani humfanya mgeni aulize mji huu ni mkuu kwa nani. Bamvua na maji mafu huamua mtumbwi utapita lini kati ya mikoko. Kaskazi na kusi ziliamua majahazi yaje lini na yarejee lini. Hizo ni kanuni za mchezo zisizohitaji kubuniwa. Hata matamshi yana kazi: mhusika asemaye "ndia" badala ya "njia" amekwisha kutwambia kwao ni wapi.

Inasikitisha, basi, kijana aliyelelewa kando ya hori hilo anapochora ngome ya theluji na joka litemalo moto. Kosa si ugeni wa joka. Kosa ni kwamba ukimwuliza watu wa ngome hiyo hula nini na huapa kwa nini, hana jibu.

Kijomvu hakifundishwi shuleni, na wazee wanaokijua vyema wanatutoka. Kabla ya kuwasha kompyuta, kijana na achukue daftari, akaketi nao barazani. Vyuo vikuu navyo vimsaidie kuyahifadhi atakayoyapata. Mchezo unaweza kusahaulika baada ya miaka michache. Daftari hilo litabaki.