Padri Katutangulia

Wenzangu waandishi chipukizi, tuache kujidanganya. Kila tukikaa barazani ni lawama moja: historia yetu wameiandika wageni. Kweli. Lakini kalamu nani katunyang'anya?

Padri Edward Steere alifika Unguja 1864. Alikuja kubatiza, hilo halina ubishi. Hata hivyo aliketi na watu wa mjini, akasikiliza hadithi zao, akaziandika kwa Kiswahili kama walivyozisema. Mwaka 1870 kitabu kikatoka London. Baadaye akajenga kanisa Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Watalii wanajazana pale, sawa.

Mimi kinachoniuma ni Kiungani, kwenye shule ya misheni yake. Vijana waliokombolewa utumwani waliandika wenyewe walivyokamatwa na walivyouzwa. A. C. Madan akayafasiri, yakachapwa 1887 kwa Kiingereza. Umri wetu wale, au chini yetu. Minyororo wameitoka juzi tu, na waliandika!

Sisi je? Mimi wa Uroa. Jirani yetu mmoja, mzee, alikuwa akijua nani alinunuliwa na akaolewa katika ukoo gani, mambo ambayo kijijini husemwa kwa kunong'ona. Mimi niko mjini natunga mashairi ya mapenzi. Mzee kafa. Hitimani nikawauliza wanawe: jina la bibi yao mzaa baba hawalijui, ati walikuwa wakimwita Bibi tu.

Mjane wake yu hai. Ijumaa nakwenda Uroa na daftari. Wa Chwaka na Pongwe mnangoja padri gani?