Hiyo Laptopu Haijakufa, Umeiandikia Tanzia Mapema

Karibu kila keja ninayoingia Nairobi ina laptopu moja imelala juu ya kabati. Betri haishiki chaji, kibodi imepoteza vitufe viwili, na ukiiwasha unaweza kuchemsha chai, uinywe na uoshe kikombe kabla haijafunguka. Wote nyumbani wanaiita mkebe. Halafu watu walewale wanaenda tao kutafuta kisanduku cha TV cha bei ya mteremko, ama wanachukua TV mpya ya kulipa mdogo mdogo hadi mwaka ujao. Hapo ndipo mimi na nyinyi tunakosana.

Msimamo wangu ni huu. Kabla hujatoa hata mia ya kisanduku, tafuta flashi ya 8GB, weka Linux ndani, ugeuze huo mkebe kuwa sinema ya nyumbani. Utaokoa doo, hiyo iko wazi. Lakini kitu kikubwa utakachopata ni kujua kwamba mashine uliyonunua ni yako, na wewe ndiye unaamua itafanya nini na itaishi hadi lini.

Tuanze na hii stori ya "imekufa". Nani alisema? Microsoft waliacha rasmi kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, na prosesa za juzijuzi. Kwa hivyo laptopu ya Core i5 ya 2014, ambayo ukiipa kazi bado inachapa, imefungiwa nje ya geti. Hakuna kilichovunjika ndani yake. Uamuzi ulifanywa mbali sana na sisi, ukatufikia kama tangazo la matanga. Na Kenya, ambako wengi wetu hununua laptopu iliyoshatumika ng'ambo, uamuzi kama huo unatuumiza sana, kwa sababu mashine inatufikia ikiwa tayari imeishi nusu ya maisha yake.

Linux haina hayo maringo. Linus Torvalds alianza kuiandika 1991 akiwa na miaka 21, mwanafunzi tu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Leo hata Android ya simu yako imejengwa juu yake. Kati ya matoleo yake mengi kuna moja dogo linaitwa LibreELEC, lililojitenga na ndugu yake OpenELEC mwaka wa 2016. Kazi yake ni moja: kuwasha mashine na kufungua Kodi, basi. Hakuna vitu ishirini vinavyopigania prosesa kwa wakati mmoja, ndiyo maana laptopu iliyokuwa inakohoa kwenye Windows inaanza kupumua.

Na Kodi yenyewe, tulieni, KRA hawahusiki. Ni programu ya kucheza muvi, muziki na picha kwenye skrini kubwa. Ilianzia kwenye Xbox ya kwanza miaka ya 2000, ikijulikana kama XBMC, na ikapewa jina la Kodi mwaka wa 2014. Nacheka kila nikifikiria: programu inaitwa Kodi, na ndiyo inakutoa kwenye maisha ya kukodi kila kitu.

Sasa kazi yenyewe. Ni mchana mmoja wa Jumamosi, na haihitaji cheti cha mtu.

Hamisha kwanza kila kitu kilicho kwenye hiyo laptopu. Picha za shosho, project ya sista, kila kitu. LibreELEC ikisakinishwa inafuta diski nzima, haiachi hata kona ya Windows. Kisha nenda kwenye tovuti yao upakue faili la Generic, linalotosha laptopu nyingi za Intel na AMD za biti 64. Faili halifiki hata nusu GB, kwa hivyo bando ya kawaida inatosha.

Hapa ndipo wasee wengi hukwama: usinakili faili kwenye flashi kama unavyonakili wimbo. Kompyuta haitaliona. Liandike kwa programu kama Rufus ama balenaEtcher, ambayo inaipanga flashi upya ili iweze kuwasha mashine. Kila kitu kilichokuwa kwenye flashi pia kitafutika, kwa hivyo usitumie ile ya mtu.

Chomeka flashi, washa laptopu, na ubonyeze kitufe cha menyu ya kuwashia. HP nyingi ni Esc kisha F9. Dell na Lenovo nyingi ni F12. Ikikataa, ingia kwenye BIOS uzime Secure Boot. Ukifika kwenye LibreELEC, chagua Live kwanza. Live inaendesha kila kitu kutoka kwa flashi bila kugusa diski, kwa hivyo unaunganisha kebo ya HDMI kwa TV na kukagua: picha iko, sauti inatoka kwa TV, WiFi inashika. Vyote vikikubali, zima, washa tena, chagua Installer. Ikimaliza, chomoa flashi. Rimoti ni simu yako, kupitia programu ya bure inaitwa Kore.

Angalia vizuri kile ambacho hukuhitaji. Betri nzima hukuhitaji, mashine inakaa kwa chaji. Kioo kizima hukuhitaji, una TV. Kibodi ni ya siku moja tu. Vile vitu vyote ulivyosema vimeiua laptopu havina maana tena.

Kuna mtu atasema: si ninunue tu kisanduku cha Android nimalize? Sikiza. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo rasmi kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa programu hasidi, vikiwemo visanduku vya TV. Vingine vilikuja na uchafu huo kabla mnunuzi hajavifungua, vingine vikaupata wakati wa kuvipanga. Kifaa kinakaa sebuleni kwako, kinatumia intaneti unayolipia, na kinawafanyia wahalifu kazi usiyoijua. Siwezi kusema kila kisanduku cha bei rahisi ni hivyo. Lakini kati ya kitu usichojua kimetoka wapi na laptopu uliyoifuta mwenyewe ukaweka mfumo ulio wazi kwa yeyote kuusoma, mimi najua nitalala vizuri na gani.

Sasa tufike kwenye ile sehemu mnaniangalia kwa jicho. Kodi inakuja tupu. Haina muvi hata moja, na waliotengeneza hawatoi. Kuna watu huko nje wanaijaza viongezo vya wizi halafu wanauza kama "kila kitu bure". Mimi naishi kwa video. Najua vile inauma kuona kazi uliyokesha nayo ikizunguka kwa jina la mtu mwingine. Kwa hivyo sitakwambia uende huko, na ukienda usiseme ni mimi nilikutuma.

Sasa uweke nini? Weka video za harusi ya kasini na mazishi ya guka, ambazo sasa ziko kwenye simu tatu tofauti na moja imeanguka kwa choo. Weka muziki ulionunua moja kwa moja kutoka kwa wasanii, na DVD ulizonunua kihalali. Weka filamu zilizoachiliwa huru kama Big Buck Bunny na Sintel za Blender, ni kali sana kwa kupima kama mashine inaweza. Weka masomo ya mdogo wako. Faili likishakaa kwenye diski, unalitazama mara mia bila kununua bando tena, na hakuna kampuni itakayoamka siku moja na kulitoa kwenye orodha.

Nitakuwa mkweli pia kwa upande mwingine. Kama maisha yako yote ni Netflix, hii si dawa yako. Kodi haikutengenezwa kwa hizo huduma na utasumbuka bure. Na kama laptopu bado inahitajika kwa CV na kazi za shule, usiifute. Weka Linux Mint, kisha uweke Kodi ndani yake kama programu ya kawaida. Utapata zote mbili.

Kitu cha mwisho, na hiki ndicho kinanichoma. Tangu niache chuo, kila wiki kuna mtu ananiuliza aanzie wapi "kuingia kwa tech", na wengi wameshaombwa maelfu na kozi za mtandaoni kabla hata ya kushika kitu. Mchana huo mmoja wa Jumamosi utakufundisha BIOS ni nini, diski hugawanywa vipi, mfumo wa uendeshaji huwekwaje, na anwani ya IP hutumika kwa nini siku utakapotaka kutuma video kutoka kwa simu hadi kwa laptopu kupitia WiFi. Ukiharibu, unaandika flashi upya na kuanza tena, kwa gharama ya muda tu. Shule gani nyingine inakuruhusu kufeli hivyo?

Tumelelewa kuogopa mashine zetu. Ikisema "haitumiki tena", tunainama na kwenda kutafuta pesa ya nyingine. Na ile ya zamani inaishia kwenye jalala, mtoto wa mtu akichoma waya zake apate shaba. Ukijua kuiwasha kompyuta kutoka kwa flashi, hilo tangazo la matanga unalisoma tofauti: unauliza kwanza nani amelitoa, na mgonjwa mwenyewe anasemaje.

Kwa hivyo bishana na mimi, niko tayari. Lakini kwanza shusha huo mkebe kutoka juu ya kabati, pangusa vumbi, uuwashe na Live. Haigusi chochote, haikugharimu chochote. Ukikataa kuwaka hata hapo, ndio sasa tutachanga ya mazishi.