Jivu la makaa ya mawe si jivu la kuni

Mkulima wa Tanzania analifahamu jivu. La jikoni hulimwaga kwenye bustani ya mchicha, na jingine hulichanganya na maharage ghalani ili yasibunguliwe. Ndiyo maana akisikia kiwanda fulani kina lundo la jivu la kugawa bure, ni rahisi adhani amepata mbolea. Tunamshauri asiharakishe.

Tangu uchimbaji wa Ngaka mkoani Ruvuma ulipoanza mwaka 2011, makaa ya mawe yamekuwa nishati muhimu ya viwanda vyetu. Katika tanuri la saruji, jivu lake huingia ndani ya saruji yenyewe. Lakini penye boila au mtambo wa umeme, jivu hubaki, na ni lazima lipelekwe mahali.

Hesabu yake ni nyepesi. Tani 100 za makaa yenye jivu la asilimia 20 huacha tani 20. Kinachoungua ni kaboni. Madini mengi hayaungui. Kwa hiyo madini yaliyokuwa yametawanyika katika tani 100 sasa yamebanwa katika tani 20, yaani mara tano zaidi. Miongoni mwake huwamo aseniki, risasi, kadmiamu, seleniamu na boroni, kwa viwango vinavyotofautiana kati ya mgodi na mgodi.

Isitoshe, jivu halilingani. Lile zito hubaki chini ya tanuri. Lile laini hupanda na moshi, na humo ndimo madini kama aseniki na seleniamu, ambayo joto kali huyageuza mvuke, hurudi kuganda moshi unapopoa. Huganda juu ya chembe, na kadiri chembe ilivyo ndogo ndivyo inavyobeba zaidi kulingana na uzito wake. Kwa kuwa yako juu, maji ya mvua huweza kuyachukua hadi shambani au kisimani.

Hatusemi jivu hili halina faida. Likichanganywa vizuri kwenye zege, sehemu kubwa ya madini hayo hufungwa humo. Nchini India, amri ya Serikali ya mwaka 1999 iliwataka watengeneza matofali walio karibu na mitambo ya umeme kulitumia. Baadhi ya majivu pia hupunguza uchachu wa udongo. Lakini boroni ikizidi huunguza maharage, na molibdenamu ikizidi kwenye malisho humnyima ng'ombe madini ya shaba.

Nchini Marekani somo lilikuwa la gharama kubwa. Tarehe 22 Desemba 2008, ukuta wa bwawa la jivu la mtambo wa Kingston, Tennessee, ulibomoka. Zaidi ya meta za ujazo milioni 4 za tope zilimwagika mtoni na kwenye makazi. Usafishaji uligharimu zaidi ya dola bilioni 1.

Kwa mkulima mdogo, hasara haihitaji bwawa kubomoka. Risasi na kadmiamu haziozi. Zikiingia kwenye udongo, hukaa. Umoja wa Ulaya una viwango vya juu vya madini hayo katika mboga, na mzigo unaovizidi hauuziki huko. Aliyepewa jivu bure atakuwa amelipia kwa shamba lake, huku mwenye kiwanda ameokoa gharama ya kulitupa.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kiwanda kisitoe jivu bila karatasi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya madini yanayotoka jivu linapolowekwa majini. NEMC ilisimamie hilo. Pili, mkulima asilimwage jivu hilo shambani kabla udongo wake na jivu lenyewe havijapimwa, kwa mfano TARI Mlingano au Chuo Kikuu cha Sokoine, na aanze na kitalu kidogo. Tatu, mfyatua matofali alilowanishe kabla ya kulikoroga na afunike pua na mdomo, kwani vumbi lake hufika mapafuni.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kabla ya kuuliza jivu linauzwa bei gani, tuulize kwanza lina nini ndani yake.